Mashine Bado Nzima

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuipatia Windows 10 masahihisho ya usalama ya bure, miaka kumi na miezi michache tangu mfumo huo uingie sokoni. Siku hiyo hakuna kompyuta iliyozimika. Asubuhi mashine ziliwaka kama kawaida, barua zikaandikwa, risiti zikachapwa, wanafunzi wakaendelea na tasnifu zao. Kilichokoma ni viraka vya kila mwezi vinavyoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyatafuta usiku na mchana. Aliyetaka kuongezewa mwaka mmoja aliambiwa alipie dola 30, au akubali masharti mengine, kama kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya kampuni. Baada ya hapo ahamie Windows 11.

Na Windows 11 haipokei kila mashine. Inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache sana. Kwa mkazi wa Nairobi au Dar es Salaam masharti hayo yana sura anayoifahamu: HP EliteBook 840, laptopu iliyojaa kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika. Nairobi huziita Ex-UK. Zimefanya kazi maofisini Ulaya miaka mitatu minne, kisha zikavuka bahari. Yenye alama G5 kwa kawaida inakubaliwa. G4, iliyoitangulia kwa hatua moja tu, inakataliwa, na G3 vilevile, hata kama ina Core i5, RAM ya GB 8, diski ya SSD, na kibodi inayobonyezeka vizuri kuliko za laptopu nyingi mpya za bei ya chini. Mwishoni mwa 2023 kampuni ya utafiti wa soko ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta kama milioni 240 duniani zingeweza kuishia kuwa taka kwa sababu ya masharti hayo. Nyingi kati ya hizo ni mashine nzima.

Ndiyo maana Linux, mfumo endeshi huria, imeanza kuuliziwa upya, hata na watu ambao hawajawahi kuigusa. Sababu inayotajwa kwanza ni kwamba ni ya bure. Afrika Mashariki hoja hiyo ina nguvu kidogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa huku Windows nayo, kwa watu wengi, haijawahi kununuliwa.

Anayetaka kuona afike kwenye meza ya fundi. Mteja anafungua mkoba, fundi anaitazama laptopu na kuuliza, "Boss, nikupigie ten au eleven?" Bei inatajwa, Office ikiwemo. Leseni haizungumzwi. Flashi inachomekwa, chai inanyweka, na baada ya muda ukurasa wa bluu unakaribisha. Kisha inakuja hatua ambayo mteja huwa haiangalii. Kabla ya kuendesha kile kiprogramu kinachoiamsha Windows bila ufunguo wa halali, fundi anaingia kwenye mipangilio na kuzima ulinzi dhidi ya virusi, maana ukiwa macho utakikamata na kukifuta. Anauzima, anaendesha kiprogramu kilichotoka kusikojulikana, tena kwa mamlaka kamili juu ya mashine, na mara nyingine hakumbuki kuuwasha tena. Mteja analipa, anashukuru, anakwenda nyumbani kuingiza nywila ya benki yake humo humo.

Kwa hiyo mtu wa huku akiamua kuhamia mfumo huria, bei haiwezi kuwa ndiyo iliyomvuta. Kilichomvuta ni kauli juu ya mashine yake: nani anasema imezeeka, nani anajua kilichomo ndani, nani anaruhusiwa kuirekebisha. Haya si mambo ya wataalamu peke yao. Mwenye baiskeli, cherehani au mashine ya kusaga anayajua tangu zamani. Kwenye kompyuta ndiko watu walikozoeshwa kuishi kama wapangaji.

Ugomvi huu una umri wa miaka arobaini na zaidi, na ulianzia kwenye printa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maabara ya akili mnemba ya chuo cha MIT, Marekani, ilipewa na kampuni ya Xerox printa mpya ya leza. Ilikuwa na kasi ya ajabu kwa siku zile, lakini karatasi zilikuwa zikikwama. Printa iliyokuwepo kabla yake nayo ilikuwa ikikwama, ila mtaalamu mmoja wa maabara, Richard Stallman, aliwahi kuipatia dawa: aliibadilisha programu yake ili karatasi ikikwama, kila anayesubiri kazi yake apate ujumbe kwenye skrini, na aliye karibu akaikwamue. Alitaka kufanya vivyo hivyo kwa mashine mpya. Hakuweza, kwa kuwa ilikuja bila msimbo wake, yaani maandishi ya programu ambayo binadamu anaweza kuyasoma na kuyabadili. Alipomwendea mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa na msimbo huo akamwomba nakala, alikataliwa. Mtafiti yule alikuwa ameahidi kutompa mtu.

Stallman amesimulia kisa hicho mara nyingi, na anayekisikia kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi kilivyo kidogo. Karatasi imekwama, basi. Lakini uzito wake uko hapo hapo. Tatizo lilikuwa dogo, dawa ilijulikana, mwenye kuitengeneza alikuwepo na alikuwa tayari kufanya kazi bila malipo, ila kulikuwa na ahadi ya siri kati yake na mashine. Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kujenga mfumo endeshi mzima ambao kila mtu angekuwa na haki ya kuutumia kwa shughuli yoyote, kuuchunguza na kuubadili, kugawa nakala zake, na kugawa nakala alizozirekebisha mwenyewe. Mwaka uliofuata aliacha kazi MIT. Mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, ambayo huenda ndiyo kazi yake iliyodumu kuliko zote. Sheria ya hakimiliki, iliyozoeleka kwa kuzuia, ndani ya GPL inamlazimisha anayegawa programu kuwapa wenzake haki zile zile alizozipokea yeye.

Palipungua kiini cha mfumo, ile sehemu inayosema na prosesa, kumbukumbu na diski. Hicho, Linux yenyewe, kilitoka Ufini. Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21, Linus Torvalds, aliwaarifu wenzake kwamba anatengeneza mfumo kwa kujifurahisha, na kwamba hautakuwa kitu kikubwa. Leseni yake ya kwanza ilikataza mtu kuuza nakala. Mwaka 1992 aliiacha na kuchukua GPL, biashara ikaruhusiwa, na kampuni zikaingia na pesa na wahandisi wao. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux.

Hata simu ya Android iliyo mfukoni mwa dereva wa bodaboda Kampala ina kiini hicho hicho. Je, basi ameshahama bila kujua? Hajahama. Msimbo wa kiini uko wazi, lakini simu yenyewe kwa kawaida inauzwa ikiwa imefungwa, na aliyeitengeneza ndiye anayeamua lini masasisho yatakoma. Mara nyingi, baada ya miaka miwili mitatu, simu yenye kioo kizima na betri nzuri inaachwa kama ilivyoachwa ile EliteBook. Programu huria inaweza kuwa ndani ya kifaa na bado mwenye kifaa asiwe na kauli. Kompyuta ya kawaida ni miongoni mwa vyombo vichache vilivyobaki ambavyo mtu anaweza kuondoa mfumo uliokuja nacho na kuweka autakao, akiwa sebuleni kwake, bila kumwomba mtu ufunguo.

Bara la Afrika lina mkono wake katika kurahisisha jambo hilo. Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Welkom, Afrika Kusini, aliiuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999 kwa dola milioni 575, na mwaka 2002 akasafiri hadi kituo cha anga za juu. Sehemu ya utajiri huo aliitumia kuanzisha Ubuntu, toleo la Linux lililotoka kwa mara ya kwanza tarehe 20 Oktoba 2004. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, mtu popote duniani aliweza kuagiza CD ya Ubuntu na kuletewa kwa posta bila kulipa chochote. Ukarimu huo unaeleweka vizuri zaidi kwa anayekumbuka intaneti ya siku hizo: mkongo wa SEACOM ulitua pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 tu, na kabla yake vyuo vyetu viliegemea satelaiti za bei mbaya. Kupakua mfumo mzima ilikuwa kazi ya kukesha, tena umeme usikatike. Bahasha yenye CD ilipofika, ilipita mikononi mwa bweni zima.

Siku hizi bahasha hiyo imekuwa flashi. Faili la Linux Mint, toleo linalopendekezwa sana kwa anayetoka Windows, lina ukubwa wa karibu GB 3, na kwa mwenye bando dogo hilo bado ni jambo la kufikiria. Likishaandikwa kwenye flashi, kompyuta inawashwa kutoka humo, na mfumo mzima unafunguka bila kugusa chochote kilicho kwenye diski. Mtu anaingia mtandaoni, anacheza video, anapima sauti na kamera, anafungua nyaraka zake. Asiporidhika anachomoa flashi, anawasha upya, na Windows yake iko pale pale. Ni vigumu kutaja bidhaa nyingine inayomwamini mnunuzi kiasi hicho kabla hajatoa neno.

Akiamua kubaki, yapo atakayoyapenda mapema. Kitufe kimoja kinasasisha kila kitu kwa pamoja: mfumo, kivinjari, programu za ofisi za LibreOffice, kicheza video. Kompyuta haijiwashi upya katikati ya kazi kwa amri ya mbali. Toleo lenye mandhari mepesi ya Xfce linaridhika na RAM ya GB 2, ingawa kwa kivinjari cha leo GB 4 ndiyo uungwana. Na programu zinatoka kwenye ghala moja linalosimamiwa na watu wanaojulikana, kwa hiyo ile tabia ya kupakua kiprogramu kutoka tovuti yoyote iliyojitokeza inakufa yenyewe.

Yapo pia yatakayomchosha, na anayemshawishi mwenzake ahame ana wajibu wa kuyasema. Photoshop haipo. AutoCAD haipo. Mhasibu ambaye mahesabu yake yote yamo kwenye programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee asidanganywe kwamba atazoea. Yeye abaki alipo, au aweke mifumo yote miwili kwenye mashine moja. Baadhi ya chipu za Wi-Fi zinagoma mpaka zipatiwe programu yake ya ziada. Printa ndiyo yenye visa zaidi: zipo zinazotambuliwa mara tu waya unapochomekwa, na zipo zile ndogo za steshenari zinazoweza kula siku nzima na bado zisichape. Busara ni kuijaribu printa wakati mfumo ungali kwenye flashi.

Halafu kuna nyaraka. Mwombaji kazi anapanga wasifu wake kwenye Word, anaufungua kwenye LibreOffice, na mstari wa mwisho umerukia ukurasa wa pili. Mara nyingi kosa ni la herufi. Times New Roman na Calibri ni mali ya wenyewe, haziji na Linux. Mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ilitoa herufi za Liberation, ambazo kila moja ina upana ule ule wa herufi ya Times, Arial au Courier inayoshika nafasi yake, ili mistari ikatike pale pale. Baadaye Carlito ikaja kufanya kazi hiyo kwa Calibri. Mtu alikaa akapima upana wa "m" na "w", herufi moja baada ya nyingine, ili barua ya mtu asiyemjua isipinde. Mapenzi ya kazi namna hiyo yamejaa katika ulimwengu huu wa programu huria, na watumiaji wengi hawayaoni.

Taasisi nazo zimepita njia hii, na tofauti ya matokeo yao inafundisha kuliko hotuba za mashabiki. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux. Jambo lilikuwa zito kiasi kwamba Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, alikatiza mapumziko yake akaenda kuonana na meya. Hadi 2013 kompyuta kama 15,000 zilikuwa zimehama. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilianza baadaye na halijarudi nyuma. Mashine zaidi ya 70,000 zinaendeshwa na toleo lake la Ubuntu. Wafaransa hawakuanza na mfumo. Mwaka 2005 walibadilisha programu za ofisi, kisha kivinjari na barua pepe, vyote vikiwa bado juu ya Windows. Walipofika kwenye mfumo wenyewe mwaka 2008, askari aliwasha kompyuta akakuta zana zile zile alizokwisha kuzizoea. Jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, lilitangaza Aprili 2024 kuhamisha kompyuta 30,000, nalo limeanza na LibreOffice.

Mtu binafsi anaweza kufuata mpangilio huo kwa faida. Aweke LibreOffice na Firefox kwenye Windows yake leo, afanye nazo kazi miezi kadhaa, aone nini kinamkwaza. Mfumo utabadilishwa siku ambayo kuubadilisha hakutakuwa tena jambo kubwa.

Swali la usalama linastahili kisa chake. Machi 2024 mhandisi Andres Freund alikuwa akipima mwendo wa programu ya hifadhidata, akaona kitu cha ajabu: kuingia kwenye seva kwa njia salama kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Wengi wangeipuuza. Yeye alifuatilia, akachimba, na akafika kwenye maktaba ndogo ya kubana mafaili iitwayo XZ, akakuta humo mlango wa siri. Aliyeupandikiza, kwa jina la Jia Tan ambalo mwenyewe hajajulikana mpaka leo, alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujenga imani kwa kumsaidia mtunzaji wa mradi huo, mtu aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kwa kujitolea, peke yake, katika muda wake wa ziada. Mlango ulikuwa umeshaingia kwenye matoleo ya majaribio ya mifumo ya Linux iitwayo Debian na Fedora. Siku chache baadaye ulikuwa umeng'olewa.

Kisa hicho husomwa kwa namna mbili, na zote ni za kweli. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, mtu asiyehusika kabisa na XZ aliweza kuufuata uzi hadi mwisho bila kuomba ruhusa. Lakini pia ilibainika kwamba seva za benki, hospitali na serikali duniani zilikuwa zimeegemea kazi ya mtu mmoja aliyechoka na asiyelipwa. Uwazi unampa kila mtu haki ya kuangalia. Haumleti mtu wa kuangalia. Anayehamia programu huria anaingia kwenye mali ya jumuiya, na mali ya jumuiya inataka mikono.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, na ndipo penye matumaini na uchungu kwa pamoja. Desemba 2004, kwa ushirikiano wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ilitolewa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia, ya majedwali na ya mawasilisho, yote kwa Kiswahili. Mradi uliitwa Kilinux. Hakuna aliyehitaji kwenda kuishawishi kampuni ya ng'ambo kwamba wasemaji wa Kiswahili ni soko lenye faida. Leseni iliruhusu, wataalamu wakakaa chini, wakakubaliana juu ya istilahi, wakatafsiri. Kwa mara ya kwanza katibu muhtasi asiye na Kiingereza cha kutosha aliweza kusoma kila neno lililokuwa mbele yake.

Kazi ile haikupata warithi wa kutosha. Mradi ulimalizika, programu zenyewe ziliendelea kukua, na mwaka 2010 sehemu kubwa ya wajenzi wa OpenOffice walijitenga wakaanzisha LibreOffice. Menyu mpya zikaongezeka kila mwaka. Leo anayeweka Kiswahili kwenye mfumo wake wa Linux anakutana na mchanganyiko: dirisha hili limetafsiriwa, hili nusu, lile bado Kiingereza kitupu. Lugha inayozungumzwa na mamilioni, yenye idara katika vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya, mabaraza, kamusi na wahariri, haikupaswa kufika hapo kwa kukosa watu wa kuketi na orodha ya sentensi.

Orodha hizo ziko wazi bado. GNOME, mradi wa madirisha na menyu za Linux, na LibreOffice hupokea tafsiri za watu wa kujitolea kupitia kurasa zao. Sentensi ya Kiingereza inakaa upande mmoja na nafasi tupu upande wa pili, na hakuna ujuzi wa kuandika programu unaohitajika. Mwanafunzi wa isimu pale Mlimani, Dar es Salaam, mwalimu wa Kiswahili Eldoret, mhariri aliyestaafu Zanzibar, kila mmoja anaweza kujaza kumi jioni moja, zikapitiwa na wenzake na kukubaliwa. Miradi yote miwili hutoa matoleo mapya takriban kila miezi sita, na kilichokubaliwa kabla ya tarehe ya kufunga kinaingia humo, kinakwenda kwenye kila mashine yenye Kiswahili, Mbeya hadi Maskati.